Sindano ya Nyongeza na Kilio cha Mtani

Kama umechomwa chanjo ya nyongeza jana, na sasa unayasoma haya umejigubika blanketi huku nje jua linawaka, kaa nami kidogo. Nimepita hapo ulipo. Sitakueleza chanjo inafanya nini ndani ya damu, maana nesi aliponieleza mimi nilikuwa nimeikodolea macho sindano na sikusikia neno. Nitakusimulia yaliyonipata mimi, Somoe, au Mama Zuhura kama wanavyoniita hapa Mchinga, muuza mbaazi za nazi na chapati. Asubuhi moja niliombolezwa kama marehemu, na jioni yake nikala chakula cha msiba wangu mwenyewe.

Yote yalianzia kwa mama yangu. Anaishi Rutamba, na kwa miaka mingi yeye ndiye mwimbishaji wa ngoma za wanawake huko. Wasichana wanapotolewa unyagoni, sauti inayosikika juu ya ngoma zote ni ya kwake. Korona ilipotupitia vibaya ilimshika naye, akalazwa Lindi mjini na mpira wa oksijeni puani. Sisi ndugu hatukuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la wodi, nikimsikiliza akikohoa. Akikohoa nasema moyoni, yupo. Akinyamaza nasimama. Alirudi nyumbani hai, alhamdulillahi, lakini pumzi yake ilibaki fupi. Ubeti aliokuwa akiumaliza kwa pumzi moja alianza kuukata katikati, na wenzake wakawa wanamdakia ili watu wasitambue.

Sindano ya kwanza tulichomwa pamoja, msimu wa kuokota korosho. Ya pili tulichomwa mvua zikiwa zimekolea na njia ya Rutamba ni tope tupu. Zote mbili zilituuma mkono tu, tukasahau. Iliyoleta maneno ni ya nyongeza. Kaka yangu Hamisi, anayelima ufuta huko Rutamba na ndiye anayemtunza mama, alisikia kijiweni kwamba hiyo ya nyongeza ni kali, inamlaza mtu kitandani. Mama akaingiwa na hofu. Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Ufuta ulikuwa umeshakatwa, umesimamishwa mashambani ukauke. Ukishapigwa na kuuzwa, ngoma zinaanza, watu wanamiminika kutoka Dar na mafua yao, na mama yangu hata umfungie ndani atatokea dirishani. Nikamsihi kwenye simu mpaka akanipa sharti.

"Nenda wewe kwanza, Somoe. Ukibaki mzima, nami nitakwenda. Ukiugua, usinitajie tena habari za sindano."

Watu wa chanjo walikuwa wafike Rutamba wiki iliyofuata, na baada ya hapo haikujulikana watarudi lini. Nikakubali sharti kwa furaha. Mimi ni mwanamke mnene, mwenye afya, nisiyeugua hata mafua. Niliona nimeshamshinda.

Zahanati yetu ina kibaraza chenye mabenchi mawili, moja la kusubiri sindano na jingine la kusubiri baada ya sindano, waone kama utaanguka. Yametazamana. Basi ninyi mnaosubiri mnawaangalia wenzenu waliokwishachomwa, mnawachunguza nyuso, na wao wanawaangalia ninyi kama wakubwa wanavyowaangalia watoto. Bibi mmoja upande wa pili alikuwa amesinzia. Kila mara nesi alipita kumgusa bega, naye anaamka na kusema, "Nipo, mwanangu, nipo."

Zamu yangu ilipofika nesi aliniuliza kwa adabu, "Mama, unatumia zaidi mkono gani? Tuchome ule mwingine."

Hapa ndipo nilipojiponza. Mimi ni mtu wa shoto. Nakuna nazi kwa kushoto, nasukuma chapati kwa kushoto, nafagia kwa kushoto. Lakini nilizaliwa na mama ambaye hakutaka mwanawe aonekane anampa mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Nilipokuwa mdogo aliufunga kwa kipande cha kanga wakati wa kula, na wageni wakija alinikazia macho mpaka naukalia. Nikakua nikijua kwamba mbele za watu mimi ni wa kulia. Na pale kibarazani palikuwa na watu, tena wazee wanaoheshimika, mke wa imamu akiwemo. Mdomo wangu ukajibu wenyewe.

"Wa kulia, mwanangu."

Akanichoma wa kushoto. Nilikaa benchi la pili nikijiona mkubwa, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikapika mbaazi na chapati za kesho yake, nikalala.

Niliamka alfajiri nikidhani nimelalia jiwe. Mkono wangu wa kazi ulikuwa mzito, umevimba begani, unawaka. Kwapani kulikuwa na mtoki, uvimbe wa saizi ya tunda la kungu, ukiugusa unaona nyota. Kisha baridi ikaja. Si baridi ya Mchinga ambayo hatuijui, ni baridi ya kutoka ndani ya mifupa, meno yakigongana huku mgongo unatoa jasho. Kichwa kilipiga, magoti yaliuma, na mdomoni nilikuwa na ladha kama nimelamba kijiko cha bati. Wanawake wenzangu niwaambie na hili, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia: siku zangu nazo zilikuja kabla ya wakati. Nilishtuka nikadhani nimeharibika. Mwezi uliofuata zikarudi mahali pake. Kama zako hazikurudi, usikae kimya, nenda kaulize.

Nilikumbuka sharti la mama na nikahisi aibu kuliko homa. Nikamwambia mume wangu, "Baba Zuhura, simu ya Rutamba ikiita, mimi ni mzima."

"Wewe mzima?" akasema, akiniangalia ninavyotetemeka. "Hata kitanda kinatetemeka."

Mume wangu ni mkwezi wa minazi. Anapanda mnazi mrefu kama wewe unavyopanda ngazi ya nyumbani kwako, na kule juu anaimba. Lakini asubuhi ile mbaazi zilikuwa zimeshachemka, wateja walikuwa wameanza kukaa kwenye ubao, na nazi hazikuwa zimekunwa. Binti yetu Zuhura ameolewa Somanga, hakuwepo. Mwanaume akatazama mbuzi ya kukunia nazi, akanitazama mimi, akavuta pumzi, akaikalia. Ukumbini kwetu kuko wazi, mtu yeyote apitaye njiani anaona hadi jikoni. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mwanaume wa Mchinga amekalia mbuzi ya nazi mbele ya hadhara. Alikaa ubavu, magoti juu, hajui aweke wapi miguu. Alikuna nazi, akakuna na kidole. Kutoka kitandani, kupitia mlangoni, nilimwona akinyonya kidole na kuendelea, na pamoja na maumivu yote yale nilimpenda upya.

Basi wakati huo huo ndipo alipofika Mzee Nampemba.

Mzee Nampemba ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu wa upande wa mama ni watani tangu mababu, na kama wewe si mtu wa huku ngoja nikufafanulie. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako usikasirike. Anaweza kuingia kwako akabeba kuku akaondoka. Na ukifa, ndiye anayekuja msibani kufanya vituko, anaiga mwendo wako na sauti yako, anajitupa kaburini akisema hatoki mpaka apewe chake, watu wanalia na kucheka pamoja. Ni kazi yake, na hakuna wa kumzuia. Huyu wangu hula mbaazi zangu kila asubuhi na kila asubuhi husema hazina chumvi.

Alisimama uwanjani, akamwona mume wangu juu ya mbuzi ya nazi. Akaangusha fimbo. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yalaaa! Mama Zuhura katutoka!" akapiga ukunga. "Mwanaume kakalia mbuzi! Mke hayupo tena! Jamani, njooni, sindano imetumalizia mtani wangu!"

"Mzee, acha hayo, mgonjwa amelala," mume wangu akasema.

"Mgonjwa gani? Maiti haiugui! Ewe mtani wangu, umeniacha na nani? Nani atanipikia mbaazi zisizo na chumvi?"

Majirani walijua ni utani. Mama Sharifa wa nyumba ya pili alikuja mbio, akamwona mtani, akacheka, naye akafunga kanga kiunoni na kuangua kilio chake. Mwingine akaitikia. Mzee Nampemba alijitupa chini mchangani, akajiviringisha, akainuka akiiga ninavyotembea, makalio kulia, makalio kushoto. Wateja walicheka mpaka chapati zikawapalia. Mimi mwenyewe nilicheka ndani ya blanketi, na kila nikicheka kwapa linaniuma, nikawa nalia machozi ya vyote viwili. Kisha dawa ya maumivu niliyomeza ikanishika, nikalala usingizi mzito wa kwanza tangu alfajiri. Nilikuwa na raha kabisa.

Ila pale barabarani alikuwa amesimama kijana mmoja wa bodaboda, mgeni wa bara, aliyehamia Lindi karibuni. Kwao labda watani wapo wa namna nyingine. Yeye alimwona mzee mtu mzima anajitupa mchangani, wanawake wamejifunga kanga wanalia jina la Mama Zuhura na la sindano. Hakuuliza. Alivua kofia kwa heshima, akawasha pikipiki akaenda zake Lindi, na huko stendi akasema alichokiona. Stendi kulikuwa na gari la Rutamba linapakia.

Niliamka alasiri nimelowa jasho, homa imeshuka kidogo. Simu yangu ilikuwa imezima chaji tangu asubuhi. Mume wangu alikuwa ameenda kuangua nazi za watu. Nikajifunga kanga, nikachukua kopo la maji nikaenda uani kujimwagia. Nilikuwa natoka bafuni, kanga nyeupe kifuani, uso nimejipaka poda kuzuia jasho, niliposikia gari linasimama na vilio vinaanza. Nikajiuliza ni nani amefariki. Nikachungulia uwanjani.

Ilikuwa pikapu imejaa wanawake wa Rutamba. Wamebeba ungo wa mchele, unga, kuku wawili wamefungwa miguu. Mbele yao mama yangu, ameshikwa mikono. Kaka Hamisi nyuma yake, macho mekundu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Sijui nilitegemea nini. Wale wanawake walimwona marehemu Somoe, amejifunga nyeupe, uso mweupe, anaamkia. Ungo ulianguka. Mmoja alirudi ndani ya pikapu kwa kupitia dirishani. Kuku wakachomoka kwenye kamba. Mama yangu peke yake hakukimbia. Alikuja mpaka kwangu akihema, pumzi yake ile fupi ikikatika, akaninyooshea mkono, akanishika begani kwa nguvu zake zote. Bega la kushoto.

Nilipiga yowe lililosikika mpaka msikitini.

"Yu hai," mama akasema, akakaa chini pale pale mchangani.

Nilikaa naye. Alikuwa akitafuta pumzi tu, na mimi nilimpapasa mgongo kwa mkono wangu mzima. Nilisikia kifua chake kinavyofanya kazi. Nilikuwa nimepigania apate kinga, na badala yake nimempandisha kwenye pikapu kuja kunizika. Niliumia sana. Hata sasa nikikumbuka uso wake ule, naumia.

Alipopata sauti alisema maneno machache. "Mimi sichomwi, Somoe. Nimeshakuzika mara moja, inatosha."

Hamisi akamalizia. "Umesikia? Nilikwambia ni kali. Unamng'ang'aniza mama kwa ajili gani? Mwangalie alivyo. Angeangukia njiani je?"

"Kaka, mimi sijafa! Ni homa tu, mkono umeuma tu!"

"Ukiugua, usinitajie. Tulisema hivyo au hatukusema?" Mama aliuliza. Na kweli, ndivyo tulivyosema.

Chakula cha msiba kikishafika hakirudishwi. Wanawake wa Rutamba, walipopata akili zao, wakakamata kuku, wakaosha mchele, wakawasha moto, wakapika kwangu wali wa nazi huku wakinibonyezabonyeza kuhakikisha. Tukakaa kwenye mikeka. Mume wangu alikuwa amerudi, akajikuta anapewa pole za kufiwa na mke wake akiwa ameketi pembeni yake anakula. Ndipo Mzee Nampemba akatokea, amevaa kanzu safi, fimbo mkononi, hana habari hata kidogo.

"Nimekuja kuchukua changu," akasema. "Nimelia asubuhi nzima, koo limekauka, na hakuna aliyenipa hata paja la kuku."

Nilimwona Hamisi akikunja ngumi na kuikunjua, kwa sababu angefanya nini? Huyo ni mtani. Mama yangu akaweka tonge chini, akanawa mkono polepole.

"Mtani," akasema, "karibu. Umemuua mwanangu bila ruhusa yangu. Wanawake hawa wameacha ufuta shambani kwa ajili yako. Nataka faini."

"Haki yako," akajibu mzee, anatabasamu. "Nimekosa. Taja unachotaka. Jogoo? Nina jogoo mkubwa. Ninalo na shamba la mihogo."

"Sitaki jogoo. Unasema sindano imemmaliza mtani wako. Basi nataka mkono wako. Wiki ijayo watu wa chanjo wanakuja Rutamba. Uje ukachomwe hiyo hiyo, mimi nimekaa kwenye kiti nakuangalia."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzee Nampemba alikuwa amechomwa zile za mwanzo kwa kushikiliwa na wanawe, kila mtu Mchinga anajua anavyoogopa sindano. Nilimwona akimeza mate. Kukataa hawezi, faini ya mtani mbele ya watu haikataliwi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha macho yake yakawaka.

"Nakubali," akasema. "Lakini nikifa pale mezani nani atanilia? Mtani wangu ni wewe. Na nani atajua kwamba sindano niliyochomwa mimi ndiyo ile ile? Utatoa mkono wako, nitatoa wangu. Kwa pamoja. Usipotoa, faini imerudi kwako, na mimi nitaichukua kwa kuku wako wote."

Vigelegele vikapigwa. Mama alikuwa amemtegea mtani na mtani amemnasa humo humo. Aliniangalia mimi, nikainamia wali wangu kwa haraka nisionekane ninavyofurahi. Hamisi akaanza, "Mama, lakini," na wanawake watatu wakamwambia kwa pamoja mambo ya watani hayaingiliwi.

"Basi, twende," mama akasema. "Mzee mwoga wewe."

Homa yangu iliisha siku iliyofuata. Mkono ulichelewa kidogo, na mume wangu aliikalia mbuzi ya nazi asubuhi nyingine kadhaa mpaka akawa fundi. Mtoki ulipungua taratibu, kila nikioga naupima kwa kidole, mpaka siku nikautafuta nikaukosa. Mkeo au mama yako akichomwa, msaidie kama nilivyosaidiwa. Mpe maji, mpe uji, mwache alale. Na ukiona kifua kinambana, au uso unamvimba, au homa haitaki kushuka, usikae kusikiliza majirani, mrudishe zahanati.

Wiki iliyofuata niliongozana na Mzee Nampemba hadi Rutamba. Watu wa chanjo walikuwa wametundika turubai karibu na gulio, viti vimepangwa juani na watu wanavisogeza kufuata kivuli. Mama alikuwa amewahi kiti cha mbele, amevaa kanga mpya. Walikaa bega kwa bega wakitukanana kwa furaha, yeye akimwambia mzee anatetemeka, mzee akimwambia ni upepo. Lakini nilikuwa nyuma yao, na nilimwona mama akijipangusa viganja kwenye kanga, mara kwa mara. Aliogopa kweli. Nami niliogopa. Kama angeugua vibaya baada ya pale, ningemwambia nini Hamisi, na ningejiambia nini mimi?

Nesi akamuuliza, "Bibi, unatumia zaidi mkono gani?"

"Wa kulia," mama akasema. Kisha akageuka akanionyesha kwa kidole. "Lakini huyu binti yangu ni wa shoto. Tangu kuzaliwa. Alichomwa mkono wa kazi kwa sababu ya haya nilizomfunza mimi. Waambieni wa shoto waseme."

Alilisema kwa sauti ya kuimbisha ngoma, gulio zima likasikia. Uso ulinipata moto. Miaka yote ile ya kuukalia mkono, akaimaliza kwa maneno mawili matatu chini ya turubai.

Wakachomwa. Mama hakupepesa jicho. Mzee Nampemba alifumba yote mawili na kusema shahada.

Aliyeugua ni mzee. Tulimlaza kwa mama, barazani, anatetemeka na blanketi la Hamisi, na mama, aliyeumwa mkono tu kama kawaida yake, hakumwonea huruma hata kidogo. Alichukua ngoma yake ndogo, akakaa mlangoni, akamwombolezea marehemu Nampemba, mwizi wa kuku, asiyejua chumvi. Majirani wakajaa. Aliukata ubeti kila mahali, akihema na kucheka, na mgonjwa akaitikia kutoka ndani ya blanketi. Kaka Hamisi ndiye aliyempelekea uji.

Ufuta ukauzwa. Ngoma zikaanza. Watu wakaja kutoka Dar kama nilivyosema, na kikohozi kikaja nao, kikazunguka nyumba hadi nyumba. Mama aliimbisha, hakuna aliyemzuia. Kisha Hamisi akanipigia simu kwamba mama anakohoa, nikaacha mbaazi jikoni nikaenda Rutamba.

Nililala chumba cha pili. Kati yetu kuna ukuta wa udongo, nami nikawa kama niko kwenye lile benchi chini ya dirisha la wodi, nasikiliza. Alikohoa siku ile na siku iliyofuata, na nesi aliyemwona alisema tumwangalie pumzi. Akikohoa nasema moyoni, yupo. Asubuhi moja nikaamka jua limeshachomoza, na nyumba ilikuwa kimya. Nilisikiliza. Hakuna kikohozi. Nilisimama, nikasukuma mlango wake, na kitanda kilikuwa kitupu.

Ndipo niliposikia uani sauti ninayoijua kuliko zote, ya nazi inakunwa.

Alikuwa amekalia mbuzi, nyuma ya nyumba, kifuu mkononi. Na alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, ubeti mmoja, anasukuma nazi na kuuendeleza. Nikasimama mlangoni nikiusubiri ukatike. Haukukatika. Mimi si daktari, sijui ni sindano, ni maradhi kumaliza muda wake, au ni Mungu tu. Najua niliusikia mpaka mwisho.

"Shikamoo mama," nikasema nikilia.

"Marahaba. Unalia nini? Mtani wako anakuja leo kuniombolezea, nimesikia yuko njiani." Akanisukumia kifuu kingine. "Kaa hapa ukune. Kwa kushoto, utafanya upesi."